Nani Atamucheka Salomon

Kasongo, tarehe 2 Julai 2024

Nyanya wangu Anastasie,

Nakusalimia sana, wewe na majirani wote wa Wamaza, na Mama Régina anayekusomea barua hii na kukuandikia majibu. Mimi niko muzima. Shule imefunga, kwa hiyo sasa kazi yangu ni teatre tu.

Komite ya parokia imetupa sali kubwa, ule ukumbi wa mikutano, Jumapili tarehe 18 Agosti. Wameweka mabati mapya na mabenchi yamegongelewa misumari. Wanataka mchezo mmoja kwa watu wote wa mtaa, hasa wale waliokimbia vita upande wa Kabambare, ambao wengine bado wanalala kwenye madarasa yetu. Tangu wafike hawajawahi kuketi pamoja mahali popote, ila kwenye msururu wa unga.

Unajua kikundi chetu kina michezo miwili tu tunayoijua kwa moyo, ile aliyoiacha Babu. Padri ni mgeni, ameniomba nimuelezee kila mmoja kwa maneno machache. Nimeandika hivi, unirekebishe kama nimekosea:

Mukwe wa Sahani Mbili ni wa kucheka. Mwanaume mulafi anakwenda ukweni, anakula sahani yake na sahani ya baba mkwe. Mama mkwe anamfukuza mbele ya majirani. Anatangatanga, anapata aibu za kila namna, mwisho anarudi na kuku aliyemshika mwenyewe, anasamehewa, anapakuliwa tena.

Mama wa Nyangwe ni wa kulia. Msafara wa watumwa umemchukulia mama mtoto wake. Miaka inapita, anangoja pale sokoni kando ya Lualaba. Siku moja mgeni anaomba maji kwake. Mama anamuuza yule mgeni kwa chumvi, ili apate cha kumkombolea mwanawe. Mtumbwi ukishaondoka anafungua kifurushi cha mgeni, anakuta bangili ya shaba aliyomfunga mwanawe akiwa mchanga.

Kikundi kimegawanyika. Mimi moyo wangu uko kwa Mama wa Nyangwe. Lakini wewe umeiona yote miwili kuliko mtu yeyote aliye hai. Unasemaje?

Nakutumia sabuni na chumvi kwa mkono wa Djamali wa pikipiki.

Mjukuu wako,
Emmanuella


Wamaza, tarehe 9 Julai 2024

Muke mwenzangu Emmanuella, mwizi wa bwana yangu,

Siku ulizaliwa babu yako alikuita muke yake, akaniacha mimi na masufuria. Amekufa, lakini kesi yetu sisi wawili haijaisha. Sabuni nimepata. Chumvi nimepata. Djamali alifika na vumbi mpaka kwenye meno.

Jibu langu ni fupi. Chezeni Mukwe.

Najua utauliza sababu, kwa kuwa wewe ni mwalimu, na mwalimu haachi mutu apumzike. Basi sikiliza. Wale watu walipita porini na watoto mugongoni. Wafu wao waliwafunika majani, wakaendelea kutembea. Kifo wamekiona bure, tena karibu. Sasa wewe unataka kuwaketisha kwenye benchi ya padri na kuwaambia, "Tulieni, tuwaonyeshe mama anapoteza mutoto"? Una akili kweli? Mutu mwenye kidonda humupeleki kutembelea kidonda cha jirani.

Neno la pili. Mukwe hana mutu wa kumucheza kama baba yako. Wewe hukumuona akingali kijana. Salomon alikuwa anameza tonge la bugali bila kutafuna, macho yanamutoka kama chura, ile shingo inapanda inashuka, watu wanaanguka chini ya benchi. Katekista mumoja alikojoa. Régina hataki kuandika hilo. Nimemuambia andika, si wewe ulikojoa. Basi muweke yule Iliasi wa kikundi chako kwa sasa. Lakini umuambie anashika nafasi tu. Mwenyewe akirudi kutoka machimbo ya dhahabu, anaichukua.

Neno la tatu. Barua yako nimeisomesha mara tatu. Miaka miwili sasa, chini ya jina lako unaandika kila mara: "Baba akipita hapo, mumuambie mutoto wake anamungojea." Safari hii chini ni kweupe. Na sabuni ni vipande vinne, siyo viwili.

Kama umesahau, sema umesahau.

Mimi, Anastasie. Hiyo alama ni kidole changu. Régina alikishika vibaya, ndiyo maana imepinda.


Kasongo, tarehe 15 Julai 2024

Nyanya wangu,

Nilisahau. Djamali alikuwa ameshawasha pikipiki, nikafunga barua haraka. Na sabuni zilikuwa bei nafuu sokoni. Usitafute mengi hapo.

Kuhusu mchezo, nivumilie nikubishie kidogo. Unasema hawa watu wameona kifo. Ni kweli. Lakini hawajalia. Nimewafundisha watoto wao, ninawaona. Wanaongea mambo yaliyowapata kama mtu anayekuelekeza njia: tulipita hapa, tukamwacha fulani pale, tukavuka mto. Sauti haibadiliki.

Kuna mama mmoja anaitwa Hidaya, analala na wanawe watatu kwenye darasa la pili. Wiki iliyopita tulikuwa tunajaribu Mama wa Nyangwe, yeye akasimama dirishani. Sikumfukuza. Kesho yake alikuja tena, na wanawake saba nyuma yake, kila mmoja na kigoda chake kichwani. Nikawaambia, "Mama zangu, haijawa tayari, tunajaribu tu." Hidaya akanijibu, "Nyinyi jaribuni. Na sisi tunajaribu." Wakakaa mpaka mwisho. Waliondoka polepole kama watu wanaotoka kanisani.

Ndiyo maana moyo wangu uko huko.

Na mimi nina swali langu. Mwaka jana kikundi kilipokuja Wamaza kucheza Mama wa Nyangwe, ulikuwa umekaa mbele. Mama alipoanza kupatana bei ya yule mgeni, uliinuka ukaondoka. Hukurudi. Usiku nilikuuliza, ukasema tumbo. Halikuwa tumbo. Ilikuwa nini?

Emmanuella

Baba akipita hapo, mumwambie mtoto wake anamngojea.


Wamaza, tarehe 21 Julai 2024

Emmanuella,

Leo sikuiti muke mwenzangu.

Djamali aliposhuka nilimuuliza, "Emmanuella iko muzima?" Akasema, "Iko muzima, Nyanya." Nikamuuliza, "Analala usingizi?" Akatazama gurudumu. Mutu anayetazama gurudumu lake, na gurudumu halina kasoro, iko na neno tumboni. Nikamupa bugali na sombe ya majani ya mihogo. Wakati mikono yake iko kwenye sahani nikachukua ufunguo wa pikipiki, nikauweka chini, nikaukalia.

"Nyanya, kuna abiria wananingoja."

"Watembee. Mimi nilitembea miaka yote."

"Nyanya, nilimuapia Emmanuella."

"Wewe uliapa. Mimi sikuapa. Sema."

Jua likatoka mulangoni likafika kwenye jiwe la kusagia. Ndipo alisema. Ya kwamba Bruno, rafiki ya Salomon, alifika Kasongo mwezi wa sita akiwa peke yake. Ya kwamba udongo wa shimo ulianguka mwezi wa tatu, watu wanne walikuwa ndani, Salomon mumoja wao, na hawakuwafukua kwa kuwa upande wote ulikuwa unashuka. Djamali ndiye alilia, si mimi. Usimugombeze. Mutu hawezi kushinda mama kizee anayekalia ufunguo.

Kisha Régina akasoma barua yako. Alipofika chini, kwenye yale maneno ya kumungojea, akashusha karatasi. Nikamuambia soma. Akasoma. Wewe ulijua, ukayaandika. Ulimuketisha baba yako njiani akiwa maiti, ili mimi nitulie. Ulifikiri nitavunjika? Nimezika watoto watano na bwana. Mimi si chungu.

Nimenyoa nywele.

Sasa uliuliza ile siku niliinuka. Nitakujibu, na Régina ataandika kama ninavyosema.

Wewe miaka miwili unajua baba yako alikwenda machimbo kwa ajili yako, umalize masomo ya ualimu. Nimekusikia unavyosema na watu: "Baba iko huko kwa ajili yangu." Nilisikia, nikanyamaza. Ni uongo. Masomo yako alikuwa ameshayamaliza kulipa kwa ile mihogo ya shamba.

Ni mimi. Alikuwa amekaa nyumbani miezi, tangu shamba liliungua. Alikuwa anakunywa. Siku hiyo uwanja ulijaa watu, tulikuwa tunatwanga. Akaja akafunua sufuria, akala sehemu yake, akavuta na sehemu ya Régina. Nikamuambia kwa sauti, watu wote wasikie: "Mukwe wa sahani mbili! Hapa si ukweni. Wenzako wana mikono, wewe uko na mudomo. Toka, utafute!" Watu walicheka mpaka michi ikasimama. Na yeye alicheka. Alinawa mikono, akacheka, akanitazama. Asubuhi hakuwako.

Yule mama ya Nyangwe aliuza mutoto wake bila kumujua. Mimi wangu nilikuwa namujua.

Nilitaka mucheze Mukwe kwa kuwa mule anarudi. Basi. Sikuwa na sababu nyingine. Yale maneno ya vidonda nilikuwa nakudanganya.

Sasa chezeni huyo Mama. Nitakuja. Nitakaa benchi la mbele na kichwa changu hiki cha kipara, kila mutu anione, wajue mwenye mchezo ni nani.

Anastasie


Kasongo, tarehe 28 Julai 2024

Nyanya,

Nimeandika barua hii mara nne. Tatu nimezichana kwa sababu zilikuwa na matusi.

Unisamehe kwa yale maneno ya mwisho. Niliona ukiwa na siku chache zaidi za kumngojea, hutapoteza kitu. Nilikosea. Lakini na wewe umeniacha nibebe jambo ambalo si langu. Miaka miwili, Nyanya! Kila nikisimama mbele ya darasa na chaki mkononi nilikuwa nawaza: hii chaki ni baba yangu. Ulinisikia na ukanyamaza. Mimi nilikuficha siku arobaini.

Nimekaa na hasira hiyo juma zima. Nitakwambia ilipofikia.

Nilirudi kwa Bruno. Kwanza nilikuwa nimemuuliza namna alivyokufa tu. Safari hii nikamuuliza namna alivyoishi. Bruno akasema kule machimboni hakuna aliyemjua kwa jina la Salomon. Walimuita Mukwe. Jioni wakishaosha udongo alikuwa anawachezea, na bugali kavu au bila bugali, anameza hewa. Watu walikuja kutoka mashimo mengine. Mtu akimuuliza hilo jina ulipewa na nani, alikuwa anajibu, "Na mama yangu, tena mbele ya watu. Na alikuwa na haki." Kisha anaongeza, "Nikipata cha kushika mkononi, ninarudi. Siwezi kurudi mikono mitupu, mchezo hauishi hivyo."

Sisemi hivi ili nikutie asali mdomoni. Nakwambia kwa kuwa ni yako, na nimechoka kuficha vitu.

Lakini sitacheza Mama wa Nyangwe na wewe ukiwa benchi la mbele. Sitakuweka watu wakutazame. Wengine katika kikundi wanasema basi tuache yote miwili, tuimbe nyimbo tu.

Na kuna jambo linanisumbua zaidi ya mchezo. Mzee mmoja jirani, wa kwetu huko, alikuja kunipa pole. Akauliza, "Wajukuu wa Salomon wako wapi? Nani atamucheka?" Nina miaka ishirini na sita na sina mtoto, na yeye hakuwa na mtoto mwingine ila mimi. Nifanye nini?

Emmanuella


Wamaza, tarehe 4 Agosti 2024

Muke mwenzangu,

Hasira yako ni haki yako. Kula yote, usibakize, mabaki yake yanachacha. Na mimi nimeomba Mungu anisamehe, sasa nakuomba wewe. Régina, andika vizuri hapo: nakuomba.

Sasa tuongee kazi.

Huyo mzee iko na haki. Kwetu mutoto analia baba yake, muke analia bwana yake, lakini mujukuu analazimika kucheka. Babu yako alipokufa, wewe ulikuwa mudogo, ulivaa kofia yake na koti lake linakokota chini, ukakohoa kama yeye, ukaomba tumbaku kama yeye, watu wakacheka na machozi wakayafuta. Ndiyo njia. Mufu anasikia anachekwa, anajua kwamba mambo yake yote yamesemwa, mazuri na mabaya, hana deni la maneno. Anaondoka. Asiyechekwa anabaki mulangoni, hajui kama ni mugeni au mwenyeji.

Salomon hana mujukuu. Basi tumutafutie. Mutu asiye na wajukuu, watu wengine wanaombwa kusimama pahali pao. Wewe uko na sali nzima ya watu.

Chezeni Mukwe. Safari hii siyo kwa kuwa anarudi.

Sikiliza masharti, usiyachanganye. Moja, Iliasi ndiye atavaa shati ya Salomon. Nakutumia na Djamali, ni ile ya mistari ya kijani. Sijaifua. Wewe mwenyewe usipande kwenye jukwaa, wewe ni mutoto, kazi yako ni kulia; ukae nyuma na kichwa kimefunikwa. Mbili, Iliasi asimufanye muzuri. Amucheze jinsi alivyokuwa: kulewa, kukoroma, kuahidi mabati ya nyumba kila mwaka. Ukimufanya malaika hatajitambua. Tatu, kabla ya kuanza mutu mumoja asimame awaambie wale watu: leo nyinyi nyote ni wajukuu ya Salomon wa Wamaza, mumucheke.

Na ya nne. Pale mama mukwe anamufukuza, musiseme maneno ya Babu. Museme yangu, kama nilivyokuandikia. "Wenzako wana mikono, wewe uko na mudomo." Hapo ndipo wacheke sana.

Sitakuja. Mama hahudhurii kicheko cha mutoto wake. Nitakaa nyumbani, mugongo kwenye njia.

Anastasie


Kasongo, tarehe 20 Agosti 2024

Nyanya wangu,

Tumecheza. Nakueleza bila kuficha.

Sali ilijaa mpaka madirishani. Mzee wetu yule jirani alisimama akasema maneno uliyoagiza. Watu wakatazamana. Kisha Hidaya akapaza sauti, "Babu Salomon, sisi wajukuu tumefika, chakula kiko wapi?" Hapo kicheko cha kwanza kikatoka, hata kabla Iliasi hajaonekana.

Nyanya, sijui Iliasi alipata wapi. Hakuwahi kumuona Baba. Lakini alipoingia na ile shati, na bega moja limeshuka, nilishika mdomo wangu kwa nguo. Alikula, alikoroma, aliahidi mabati. "Mwaka kesho!" Sali yote ikawa inamuitikia: "Mwaka kesho!" Watoto walikuwa wanagaragara. Nilimuona Hidaya anampiga jirani yake mgongoni kwa kicheko.

Likafika neno lako. Emilienne, anayecheza mama mkwe, alilisema kama ulivyoliandika. Watu walicheka kuliko pote. Kilikuwa kicheko kirefu mpaka Emilienne akashindwa kuendelea. Iliasi akacheka nao, akanawa mikono, akamtazama. Mimi sikuwa nimemwambia afanye hivyo.

Kisha kosa likatokea. Mukwe hutoka kwa mlango wa nyuma wa jukwaa, anazunguka, anarudi na kuku. Lakini kule nyuma wakimbizi wamepanga vyombo vyao, hapapitiki. Iliasi akashuka katikati ya watu, akatoka kwa mlango mkubwa mpaka barabarani. Watu wanapiga makofi. Akachukua kuku, akataka kuingia. Yule mzee wetu alikuwa amekaa mlangoni, akanyoosha fimbo yake ikakata njia. Akasema polepole, "Nguo ya marehemu ikishatoka mlangoni hairudi ndani."

Iliasi ni mtoto wa mjini, wa msikitini, alihofia kuvunja desturi ya watu wengine. Akabaki nje na kuku mkononi. Mimi nilikuwa mbali, nimefunikwa, sikujua. Emilienne alikuwa jukwaani na mwiko, anangoja. Watu wanangoja. Wanageuza shingo kutazama mlango. Kicheko kikapungua, kikaisha. Mtoto mmoja akauliza, "Mama, anarudi saa ngapi?"

Emilienne akaweka mwiko chini, akakaa. Akajifunika kitambaa. Halafu Hidaya akaanza. Hakupiga kelele. Alianza kutaja majina, mmoja mmoja, wale aliowaacha njiani. Alipomaliza yeye, akaanza mwingine. Sauti zao, Nyanya, zilikuwa zimebadilika.

Sikuinuka kuwazuia. Mabenchi yalibaki yamejaa mpaka giza.

Padri ameniuliza tulicheza upi kati ya ile miwili. Na sijui kama Baba alichekwa inavyotakiwa, maana hatukumaliza. Niambie kama tumeharibu.

Emmanuella


Wamaza, tarehe 27 Agosti 2024

Muke mwenzangu,

Muliharibu. Huyo mzee wenu anajua nusu ya desturi na anaishika kwa fimbo. Nguo ndiyo hairudi. Mutu anarudi. Iliasi angevua shati hapo mulangoni, akaingia kifua wazi na kuku yake, mukamaliza. Kosa ni langu, sikuwaambia. Nilifikiri kila mutu anajua. Nasahau wenye kujua tumebaki wachache.

Lakini alichekwa. Hilo umefanya. Jumapili ile nilikaa hapa, mugongo kwenye njia, Régina kando yangu anachambua sombe. Ilifika wakati nikahesabu kichwani: sasa anakula, sasa anafukuzwa, sasa anatangatanga. Nilipofika pa kurudi, nikasikia shingo yangu inataka kugeuka. Nikaizuia. Mpaka Djamali alipoleta barua yako sikujua kwamba na huko walikuwa wanatazama mulango.

Afadhali hakurudi, Emmanuella. Angerudi siku ile ningebaki nikingoja mpaka nife.

Muambie huyo Hidaya nimemusalimia. Muulize majina yote, uyaandike, uniletee. Régina atanisomea.

Maana unakuja. Shule haijafungua, usinipe sababu. Mutoto akimaliza kufunika kichwa kwa watu, anakuja kulia nyumbani kwa mama ya baba yake. Djamali atakubeba, nimeshamuambia, na safari hii ufunguo nimemuachia.

Uje haraka. Mimi sijalia bado. Nimenyoa, nimefunga kitambaa, nimekaa chini, watu wanasema Anastasie iko na moyo wa jiwe. Waache waseme. Nakungojea wewe, tuanze pamoja.

Anastasie